Jeki hunyanyua, haishikilii: Jihadhari unaposhusha gia boksi nyumbani

GHARAMA ya kutengeneza gari imewafanya Wakenya wengi kuwa mafundi wa magari yao wenyewe. Klachi ikianza kuteleza au gia zikikataa kuingia, mwenye gari humwita jirani anayeijua kazi hiyo, wakaazima spana na jeki, na Jumamosi wakaanza kuishusha gia boksi uani.

Si jambo la ajabu. Katika gereji nyingi za jua kali, kazi hii hufanywa kila siku bila mashine ya kuinulia gari. Ni kweli pia kwamba wengi huimaliza salama. Hata hivyo, wale ambao hawakuimaliza salama ndio sisi madaktari tunaowaona, na aghalabu jeraha lao lingezuilika kwa dakika kumi za maandalizi.

Msomaji, sikusudii kukueleza bolti gani hufunguliwa kwanza, kwani hilo liko katika kitabu cha gari lako. Ninachotaka ufahamu ni hiki: katika gereji yenye mashine ya kuinulia gari, fundi hufanya kazi hii akiwa amesimama. Nyumbani, huifanya akiwa amelala chali. Kichwa, shingo, kifua na tumbo lake vyote huwa chini ya chuma. Tofauti hiyo moja ndiyo huleta karibu majeraha yote nitakayoyaeleza hapa.

Uzito ulio juu ya kifua chako

Gari dogo la saluni huwa na uzito wa kilo 1,000 hivi au zaidi. Pikapu yaweza kufika kilo 1,500 na kupita. Gia boksi ya kawaida ya gari dogo mara nyingi huwa kati ya kilo 30 na 50. Ile inayojibadilisha gia yenyewe huwa nzito zaidi, na si ajabu kupita kilo 60.

Mfuko wa saruji una kilo 50, na kila mtu anajua jinsi unavyolemea bega. Lakini mfuko unaweza kuukumbatia. Gia boksi haina pa kushika vizuri, imepakaa oili, na ule upande mpana unaoungana na injini ni mzito kuliko mkia wake. Ikiachia, huanza kwa kupinduka.

Ili mtu apumue, ni lazima mbavu zake zipanuke na kiwambo kilicho chini ya mapafu kishuke. Gari likikukalia kifuani, si lazima uvunjike mbavu ndipo ufe. Inatosha kifua kushindwa kupanuka. Uso na shingo hugeuka rangi ya zambarau, na madoa madogo mekundu hutokea katika weupe wa macho. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Hakuna ambulensi mjini wala kijijini ambayo unaweza kuitegemea ikufikie kwa dakika nne.

Kazi ya jeki na kazi ya stendi

Ndani ya jeki ya oili kuna pampu ndogo, oili, na mpira unaozuia oili hiyo isirudi ilikotoka. Uzito wote wa gari hutegemea mpira huo na vali ndogo. Mpira huzeeka, na mchanga huukwaruza. Siku utakaposhindwa, hautatoa onyo. Ile jeki ya skrubu inayonunuliwa pamoja na gari ilikusudiwa kubadilishia gurudumu tu, wakati wewe uko nje kando ya gari. Kitako chake ni chembamba na huteleza gari likisukumwa kidogo.

Kwa hiyo, shika neno hili moja hata ukisahau mengine yote: jeki hunyanyua, haishikilii. Kinachoshikilia gari ni stendi za chuma zenye pini au meno, ambazo hazitegemei oili wala mpira. Uwezo wa stendi huandikwa kwa tani juu yake. Kwa gari dogo, jozi ya tani tatu inatosha. Zisimamishe chini ya sehemu ngumu za fremu zilizoonyeshwa katika kitabu cha gari, si chini ya bati la sakafu wala chini ya sampu ya oili.

Mawe, matofali na bloku za ujenzi si stendi. Bloku yaweza kubeba gari asubuhi nzima, kisha ikapasuka ghafla kwa sababu ya ufa mdogo usioonekana. Magogo ya mviringo nayo hubingirika.

Angalia pia ardhi unayofanyia kazi. Sakafu ya simiti iliyo tambarare ndiyo inayofaa. Udongo mweusi wa mfinyanzi hulainika kwa mvua, na lami hulainika kwa jua la mchana. Stendi yenye miguu minne midogo huzama upande mmoja, gari likainama. Ikiwa uwanja wako ni udongo mtupu au una mteremko, usifanye kazi hii hapo.

Ukishaliteremsha gari juu ya stendi, lisukume kwa nguvu kutoka kando, mara mbili au tatu. Kama litaanguka, heri lianguke ukiwa umesimama nje. Kisha laza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari. Stendi zikishindwa, gurudumu hilo litaacha nafasi ya wewe kupumua.

Handbreki na gia hazitakusaidia

Hapa ndipo kazi ya gia boksi inapotofautiana na kubadilisha gurudumu au oili. Watu wengi huegesha gari, wakaingiza gia ya kwanza na kuvuta handbreki, wakadhani wamelifunga. Lakini ili gia boksi itoke, ni lazima uondoe shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Pindi shafti hizo zinapotoka, gia haizuii gurudumu lolote tena.

Handbreki nayo, katika magari mengi, hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiyanyanyua magurudumu hayo, handbreki haina inachokizuia, na gari laweza kusogea kwa yale ya mbele. Ndiyo sababu kila gurudumu linalobaki chini yafaa liwekewe kabari mbele na nyuma, kabla ya kunyanyua chochote.

Jambo lingine ni kwamba bolti zinazofunga gia boksi kwenye injini huwa zimekazwa sana. Mtu hutumia spana yenye mpini mrefu na kuvuta kwa uzito wa mwili wote, na kila mvuto hulitikisa gari. Vuta polepole, ukielekeza nguvu mbali na stendi. Aidha, gia boksi ndiyo inayosaidia kuishikilia injini upande mmoja. Ikitoka, injini huinama. Iegemeze kwa jeki nyingine yenye kipande kipana cha ubao juu yake kabla hujafungua vishikizi.

Kosa jingine ambalo limewaumiza wengi ni kutopima urefu. Gia boksi hushushwa vizuri, kisha ikagunduliwa kwamba haiwezi kupita chini ya gari. Hapo gari hunyanyuliwa tena kwa haraka, stendi zikiwa zimelegea na mtu angali chini. Pima mapema nafasi ambayo gia boksi itahitaji ili itoke.

Usiipokee kwa kifua

Kuna mtindo unaojulikana sana miongoni mwa mafundi: mmoja hulala chini, bolti ya mwisho ikafunguliwa, naye akaipokea gia boksi kwa mikono na kifua. Kwa mtu mwenye nguvu, mtindo huu huweza kufaulu mara nyingi, na hilo ndilo linaloufanya kuwa wa hatari.

Shirika la serikali ya Marekani linalochunguza afya ya wafanyakazi lilitoa kanuni mwaka 1991 kwamba, hata katika hali iliyo bora kabisa, mtu asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 23. Hali hiyo iliyo bora maana yake ni kusimama wima, mzigo ukiwa karibu na mwili na wenye mahali pazuri pa kushika. Aliyelala chali chini ya gari hana hata moja kati ya hayo. Miguu na mgongo wake havimsaidii.

Chuma cha kilo 40 kikiangukia kifua huweza kuvunja mbavu na kutoboa pafu. Kikiangukia upande wa kushoto chini ya mbavu, huweza kupasua wengu, na upande wa kulia, ini. Viungo hivi huvuja damu ndani kwa ndani. Mtu huweza kuinuka, akajipangusa na kusema hana neno, kisha baada ya saa chache akaanza kutokwa jasho baridi, kuwa na kiu na kuzimia. Aliyeangukiwa tumboni au kifuani apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo hata akijisikia mzima.

Tumia jeki ya pili, ile pana ya magurudumu, na ubao uliofungwa mkanda ili gia boksi isipinduke. Muwe watu wawili: mmoja ateremshe jeki polepole, mwingine aielekeze akiwa kando, si chini yake. Usiingize kidole kwenye tundu la bolti ili kupapasa kama yamelingana. Gia boksi ikisogea kidogo tu, kidole hukatwa kama kwa mkasi. Tumia bisibisi.

Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Jeraha likandamize kwa kitambaa safi na uende hospitalini mara moja.

Mgongo

Gia boksi ikishafika chini, wengi huona hatari imekwisha. Kumbe mgongo ndio kwanza unaanza kujaribiwa. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyofanya kazi kama springi. Ukiinama na kunyanyua mzigo ulio mbali na mwili, huku umejipinda kiuno ili uutie butini, visahani hivyo hubanwa upande mmoja. Kimoja kikichomoza, huweza kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni.

Iburute gia boksi juu ya gunia au kipande cha zulia kikuukuu badala ya kuibeba. Ikilazimu kuinyanyua, muwe wawili, mkunje magoti, mgongo uwe umenyooka, na mgeuke kwa miguu, si kwa kiuno.

Maumivu mengi ya mgongo hupoa baada ya wiki chache kwa dawa za kawaida na kutembea kidogo kidogo. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Lakini zipo dalili ambazo hazingoji: ganzi kati ya mapaja mahali unapokalia tandiko la baiskeli, kushindwa kukojoa au kujizuia, na miguu kuishiwa nguvu. Ukiona mojawapo, nenda hospitalini usiku huo huo. Ukichelewa, waweza kubaki hivyo maisha yako yote.

Macho, ngozi na vumbi la klachi

Chini ya gari mna kutu, matope makavu na mchanga, nawe unatazama juu. Vaa miwani ya kujikinga, ile inayofunika hata pembeni. Nondo au patasi ikigongwa kwa nyundo huweza kurusha kipande cha chuma chenye kasi ya kupenya ndani ya jicho. Jicho laweza kuuma kidogo tu mwanzoni, kisha likapofuka kwa maambukizi. Uking'atwa na kitu jichoni baada ya kugonga chuma, usisugue wala usikubali mtu akitoe kwa ulimi au kwa ncha ya leso. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi bila kulikandamiza, uende kwa daktari wa macho.

Ondoa waya wa hasi wa betri kabla ya kuanza, na uvue pete na saa. Pete ya chuma ikiunganisha waya wa stata na mwili wa gari hupata moto kwa nukta moja na kuunguza kidole hadi mfupani. Acha pia injini na bomba la moshi vipoe, kwani oili ya gia iliyo moto huunguza kama uji unaochemka.

Vumbi jeusi linalopatikana mahali pa klachi lichukulie kuwa sumu. Klachi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo Uingereza iliyapiga marufuku kabisa mwaka 1999. Nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani ya mapafu, au ya utando unaoyazunguka, baada ya miaka 20, 40 au zaidi. Kwa macho huwezi kujua klachi ipi ina asbesto. Kwa hiyo usilipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, na usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, ulipanguse kwa kitambaa, kisha ukitupe kitambaa hicho ndani ya mfuko uliofungwa. Usiingie nyumbani kuwabeba watoto ukiwa na nguo hizo.

Wengi huosha mikono kwa petroli. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ikakauka, ikapasuka na kuwasha, nayo oili ikapata njia ya kuingia. Paka mikono mafuta ya kujipaka kabla ya kazi, vaa glavu, na ukimaliza tumia sabuni. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na uulizie sindano ya pepopunda, hasa kama miaka kumi imepita tangu uchomwe ya mwisho, au mitano ikiwa jeraha ni la ndani na lina uchafu.

Gari likimwangukia mtu

Msaidizi ajue mambo haya mapema, si wakati wa mayowe:

Kwanza, usimvute. Linyanyue gari. Jeki ya akiba iwe imewekwa nje, kando, tayari. Ikiwa kifua, shingo au kichwa kimebanwa, kila sekunde ina thamani: nyanyua gari papo hapo, kwa jeki au kwa nguvu za majirani, na utie kitu kigumu chini ili lisirudi.

Pili, wakati huo huo mtu mwingine apige simu ya dharura, 999 au 112.

Tatu, akitolewa na hapumui, mlaze chali mahali pagumu, umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Akiwa anapumua, usimkalishe wala kumgeuza shingo, kwani uti wa mgongo waweza kuwa umevunjika.

Nne, damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kuachia.

Tano, jihadhari na kiungo kilichobanwa kwa muda mrefu. Kijana mmoja niliyemtibu alibanwa paja na gia boksi ya pikapu kwa karibu saa mbili, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu. Alipotolewa alikuwa akizungumza vizuri. Nyumbani walimkanda kwa maji moto na kumpa uji, wakaona amepona. Kesho yake mkojo ulitoka mweusi kama kahawa, kisha ukakoma. Tulimpeleka katika hospitali kubwa, akasafishwa damu kwa mashine kwa wiki kadhaa kabla figo zake hazijaamka.

Hali hii ilielezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1941, walipowatibu watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu jijini London. Misuli iliyopondwa humwaga ndani ya damu madini ya potasiamu, yanayoweza kuusimamisha moyo, na rangi ya misuli, inayoziba figo. Sumu hizo huenea mara tu uzito unapoondolewa. Kwa hiyo, aliyebanwa mguu au mkono kwa saa moja au zaidi ni lazima afike hospitalini, awe na maumivu au asiwe nayo. Atawekewa maji mengi kwa mshipa mapema, na mara nyingi hilo huziokoa figo.

Uamuzi wako

Usifanye kazi hii ukiwa peke yako, ukiwa umechoka, giza likiingia, au baada ya kunywa pombe. Mwenye ugonjwa wa moyo, ngiri au mgongo mbovu asiifanye kamwe. Watoto wasiruhusiwe kucheza karibu na gari lililonyanyuliwa.

Kama huna stendi, sakafu ya simiti na mtu wa pili, basi huna vifaa vya kazi hii, hata uwe na spana zote. Mlipe fundi mwenye gereji inayofaa, au liache gari lingoje hadi mwisho wa mwezi. Na kama unavyo vyote, basi kabla ya kuingia chini mwambie aliye nyumbani kwamba unaingia, na umwonyeshe jeki ya akiba ilipo.